Vijiko Sita

Usiku ule zamu ilikuwa yangu,
mimi, Ibemhal, na wanawake watano wa mtaa,
mienge ya mianzi mikononi, Imphal imezizima kwa baridi.
Tulipoona kivuli nyuma ya duka la matairi
nikaokota jiwe, nikagonga nguzo ya umeme:
ngaa! ngaa! ngaa!
Ndivyo tuitanavyo huku. Milango ikafunguka.

Kivuli kikageuka. Kimevaa sweta
niliyoifuma mwenyewe.

Miaka miwili nawafukuza wauza unga
milangoni pa wenzangu,
na vijiko vyangu vikipungua jikoni
nalaumu panya.

Hakuna aliyecheka.
Sanatombi, ambaye mwanawe tulimzika Machi,
alinipokea mwenge, akavua shali yake,
akamfunika Tomba mabega.
"Huyu bado ana joto," akasema. "Mpeleke nyumbani."

Sitawadanganya kwamba alipona.
Alitapika siku tisa. Alinitukana
matusi ambayo hata babake mlevi hakuyathubutu.
Kliniki tulikwenda kwa miguu, hatusemezani.
Alitoroka mara mbili;
mara ya pili alirudi mwenyewe,
akasimama mlangoni kama mgeni,
akauliza kama wali umebaki.

Leo ni siku ya mia na kumi na nne.
Yuko uani anachonga mianzi ya mienge yetu,
kisu kikimtetemeka kidogo.

Nimenunua vijiko vipya, sita.
Kila usiku navihesabu,
naye ananiona nikivihesabu.
Jana vilikuwa vitano.
Nikahesabu tena.
Akaja taratibu, akanipa cha sita,
bado kina vuguvugu la chai.