Nyigu wa Juni, Mavu wa Agosti

Alfajiri ya Juni, kabla jua halijafika Germencik,
Raziye hunikabidhi kamba ya tini mwitu,
tini tano ngumu ambazo hata mbuzi hawazitaki.
"Tundika upande wa kivuli," asema, "na usizitikise."
Natundika. Nangoja.
Kitakoni mwa tini moja tundu lafunguka,
anatoka yeye: mweusi, mdogo kuliko punje ya ufuta,
chavua kifuani, mahari
asiyojua anampelekea nani.

Huyu naye ni nyigu.
Ukimwambia mtu wa mjini atacheka.

Maana tunayemjua sote ni yule wa Agosti:
mavu, kahawia kama birika lililoungua,
mshipi wa njano kiunoni,
amejijengea kasri ndani ya ukuta wa Şükrü.
Haji kwa hodi. Tini zimeanikwa juu ya mikeka ya matete,
naye huzikagua moja moja kama mnunuzi kutoka Izmir,
hung'ata iliyo tamu, hiyo nyingine huiacha na jeraha.
Mwaka juzi alimdunga Raziye kwenye kope;
siku tatu jicho lilikuwa bahasha iliyofungwa.
Jina lake tunalitaja kwa kelele,
kandambili mkononi.

Yule wa Juni hana anayemtaja.
Mlango wa tini ni mwembamba, huingiwa kwa kichwa,
na mabawa hubaki nje
kama viatu vya mgeni.
Ndani ni giza na maua. Anatafuta pa kutaga, hapati;
tini yetu imemlaghai, maua yake ni marefu mno kwake.
Anazunguka, anapaka chavua kila anapogusa,
kisha anakoma.
Bila yeye zingedondoka Julai, mbichi,
tupu kama ngumi za watoto.

Nami niliingia nyumba hii nikitoka Kars,
miaka kumi na tisa, sanduku moja.
Sisemi zaidi.

Jioni twapanga tini masandukuni.
Mavu mmoja, amelewa utamu, ameshindwa kuruka,
anatembea kwa miguu juu ya kidole changu.
Hanidungi. Simuui. Sijui nani kamsamehe mwenziwe.
Namuuliza Raziye: yule mdogo, mwili wake huenda wapi?
Anapasua tini, anazitazama mbegu zile zisizo idadi,
ananipa nusu.
"Kula," asema. "Usichambue."