Njia ya Zamani

Lami mpya ingetufikisha Wete kabla ya adhana.
"Kwani tunadaiwa?" Bikombo akauliza mgongoni mwangu,
nikakata kushoto, njia ya Ziwani,
vespa ya marehemu ami Shaame ikikohoa.

Gia ya tatu haishiki. Haidhuru.
Penye karafuu zilizoanikwa ukingoni
nazima kabisa, twashuka kwa mteremko tu,
tusije tukaitimulia vumbi mali ya watu.
Mbuzi mmoja anatupita. Kweli, anatupita,
na Bikombo anacheka hadi kanga inamfunguka kichwani,
kicheko nisichokisikia tangu arusi ya mwanetu.

Bondeni, mpunga bado mchanga,
mtoto wa kufukuza ndege anaturushia bonge la udongo,
anakosa,
anajaribu tena.

Tukafika saa tisa.
Shemeji Mwanahidi kajishika kiuno:
pweza keshaliwa, sahani zimeoshwa,
wageni wa adhuhuri washajilalia.
Limebaki sufuria, na ndani yake
ukoko wa wali wa nazi, rangi ya shaba.

Tukaukwangua wawili, kijiko kimoja,
tukigombania ulioshika ukingoni.

Wakati wa kurudi nikauliza, "Lami?"
Hakujibu. Alinifinya ubavuni,
tukapita kule kule.