Nyuzi Arobaini na Saba

Simu ililia saa tisa usiku, hospitali ya Zavkhan.
Bibi Dulmaa alikohoa kwanza, ndipo akasema:
"Mkwe wangu ameshikwa na uchungu. Leteni gari."

Wapi, bibi?

"Tumehama."
Hilo sikulishangaa. Huku nyumba ni hema la sufu,
hukunjwa, hupanda mgongo wa ngamia,
na anwani ya vuli si anwani ya kipupwe.

"Tuko nyuma ya Yule."
Yule nani?
"Yule Mkubwa. Mwenye theluji."
Kumbe mlima. Na mlima huo hautajwi jina
na mtu aliye mbele ya uso wake; ni utovu wa adabu.
Nami ramani yangu ina wakubwa wanne wenye theluji
na dereva mmoja tu, Zundui,
anayeibembeleza injini kwa birika la maji moto.

Nikaomba mwenye simu ya kisasa.
Akapewa mjukuu, Temuulen, miaka tisa,
akasoma kama aliyesimamishwa mbele ya darasa:
"Tisini na saba, kaskazini…"

Kalamu ikagoma.
Hakuna kaskazini ya tisini na saba, mwanangu.
Tisini ndiyo ncha, hapo dunia imeishiwa;
ukiongeza hatua unashuka upande wa pili.
Rudia. Kwanza ya mstari uliolala, kisha ya uliosimama.

Akarudia. Nikaandika nyuma ya pakiti ya chai:
nyuzi arobaini na saba, dakika thelathini na nane;
nyuzi tisini na saba, dakika kumi na mbili.

Nyuzi.
Nimeshonea vifungo, nimepimia homa.
Usiku ule nje zilikuwa thelathini chini ya sifuri,
nami ndani nikavuta mbili:
mmoja kutoka Ikweta nisiyowahi kuiona,
mwingine kutoka ng'ambo, walikokubaliana wenyewe
kwamba sifuri ikae kwao,
nikazifunga fundo juu ya paa la hema moja.

Dakika nazo si zile za ukutani.
Za ukutani zilikuwa zinakwenda.
Hizi zililala kwenye theluji
na Zundui akazila moja moja, taa zikiwa hafifu,
hadi redio ikakwaruza: "Naona moshi.
Naona farasi wamefungwa."

Mtoto alilitangulia gari. Msichana.
Bibi alikwisha kumkata kitovu, akacheka:
namba zenu zimechelewa!
Kisha akaona godoro, akanyamaza,
maana damu ya mama ilikuwa haijakoma,
na nesi akapiga magoti akiwa na koti lake.

Mama yu hai. Anakamua mbuzi.

Majira ya kuchipua baba yake mtoto alikuja,
mfuko wa jibini kavu begani,
akaulizia ile pakiti ya chai.
"Kondo tulilizika palepale. Tumehama tena.
Majani yakiota, sitapajua.
Naye ataniuliza kitovu chake kimezikwa wapi."

Nikamnakilia, nikaongeza na sekunde.
Aliitazama karatasi kwa muda, kama mtu anayenusa maziwa.
"Namba hizi zinamtaja Yule?"
Hazimtaji, nikasema. Zinapita kando yake tu.
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.