Viti Viwili

Sikutaka gari, jama,
nilitumwa kutazama
firiji iliyozima
nyumbani kulikohamwa.

Kasarina, njia panda,
ukuta umejipinda,
lango kutu limeganda,
bwawa bila kusafishwa.

Kahindi, mlinzi wake,
funguo shingoni mwake,
akasema, "Tuzunguke,
kuna kitu kimefichwa."

Banda la kuti chakavu,
vumbi, buibui, wavu;
ndani chuma cha makovu,
chekundu, hakijaguswa.

Gari la mbio la kale,
la Kitaliano, lile
la viti viwili mbele,
nyuma kote pamezibwa.

Nikafunua boneti:
kuku yumo, ameketi,
akanitazama eti
ni mimi wa kufukuzwa.

Sakafu imetoboka,
majani yamechipuka,
usukani umeng'oka,
ngozi ya viti yaliwa.

Chumvi ya Malindi jino,
halisemi hata neno,
kila chuma ni tafuno,
kamwe halijashibishwa.

Mshale wa mwendo kasi
umekwama, umeasi,
kwenye thamanini, basi,
ladhani linakimbizwa!

Hapo nikapatikana
mimi, mtu wa maana,
fundi baridi, na sina
leseni niliyopewa.

"Mwenyewe ana miezi
kumi na tisa, hawazi
kuwa nalinda makazi
nami senti sijalipwa.

"Katuma barua moja
nilipochoka kungoja,
na kadi yake pamoja,
kwamba gari nimepewa."

Nataja bei ya chai,
akasema, "Haifai,
si gari ninalodai,
miezi yangu yauzwa.

"Kumi na tisa, hesabu:
unga, karo, matibabu;
mwezi ukitoa, jibu,
upi utakaofutwa?"

Nilikuwa na akiba
ya bati, ya haba haba;
kila masika ni tiba
ya sufuria kutegwa.

Nikaihesabu pale
juu ya boneti ile,
kuku katoa kelele,
shahidi bila kuitwa.

Vijana sita na kamba,
tukapita kila nyumba,
watoto wanatuimba:
"Bi harusi anavutwa!"

Pale Maweni dukani
Shekuwe atoka ndani,
kauliza: ni la nani,
na lini litafukiwa?

Mwanasiti mlangoni,
ana mwiko mkononi,
kauliza kwa makini:
"Ndizo bati? Zimekunjwa?

"Tu saba humu, na mama.
Viti viwili, tazama!
Watano watasimama,
au juu watafungwa?"

Mama akacheka huko:
"Nyumba haina funiko,
gari nalo wazi. Viko
viwili vya kuloweshwa!"

Sikuwa na la kujibu,
nikalala kama bubu;
asubuhi ni sulubu,
nati moja imeshikwa.

Nati ile siku tatu!
Nikaipa kila kitu,
nyundo, dua, na viatu;
ya nne ikalegezwa.

Mashine ya kufulia,
mkanda wake natia;
bomba la baridi pia
kwenye breki limepindwa.

Kuku naye hakuhama;
vifaranga sita, wima,
vyafuata nyuma nyuma
kila nyundo ikigongwa.

Naye Kahindi hufika,
huligusa, huzunguka.
"Taa hii," hutamka,
"ndiyo Machi nilonyimwa."

Jana usiku, uani,
nimekaa mle ndani,
usukani mkononi,
ungali haujafungwa.

Mlango ukalalama,
Mwanasiti kainama,
akakalia salama
gunia lililokunjwa.

"Twaenda wapi?" "Sabaki."
"Mafuta?" "Hayatumiki."
"Punguza mwendo, sitaki
leso ikapeperushwa."