Sahihi ya Nne

Ujumbe uliingia saa nane usiku,
Orysia akiwa zamu, wodi ya wazee, Saskatoon,
mkono mmoja umeshika dripu, mwingine simu:
Una hati inayokusubiri.
Kama mgeni aliyekaa sebuleni, kofia magotini.

Aliifungua kwenye korido, chini ya taa isiyozimwa.
Ekari mia na sitini, robo ya kaskazini-magharibi,
nyumba, ghala la ngano, kisima kilichofukiwa,
na bei, kwa tarakimu na kwa maneno,
ili baadaye asiwepo wa kusema hakuelewa.
Mshale wa manjano ukamshika kidole kama mtoto wa chekechea:
hapa. Sasa hapa. Bado hapa.

Kisha mashine ikamwuliza autakaje mwandiko wake.
Ikampangia mitatu: mmoja umelala
kama ngano iliyopitiwa na mvua ya mawe,
mmoja una mikia, mmoja mnyoofu, wa kikarani.
Jina lake halikuwahi kupendeza vile.
Alichagua wenye mikia. Sekunde saba.
Kengele ya kitanda namba nne ikalia, akaenda.

Wa kwanza alikuwa Danylo, Calgary, akisubiri tangi la gari lijae.
Wa pili yeye.
Wa tatu Stefka, hajakanyaga kule tangu mazishi,
alitia yake kutoka Lisboni, miguu ndani ya beseni.
Wa nne: anasubiriwa.

Wa nne ni Metodiy,
aliyebaki.

Ukibonyeza jina lake unaonyeshwa yote, mtandao hauna haya:
imefunguliwa Jumatatu, saa tisa na dakika kumi usiku.
Imefunguliwa Jumatatu, saa tisa na nusu.
Jumatano. Alhamisi mara tatu.
Mara kumi na moja, na haijatiwa kitu.
Danylo akaandika: mpigie, wewe hukusikiliza.
Orysia alishika simu, akaiweka.
Utamwambia nini mtu ambaye bado anasoma?

Baba wa babu yao aliipata ardhi ile kwa msalaba.
Alikuwa ameshainamia meza, kalamu imeshagusa karatasi,
herufi mbili zimeshatoka, nzuri, za kitabu cha Zaburi,
karani akasema hapana, si mikwaju hiyo, chora msalaba tu.
Hivyo mtu aliyekuwa akiwasomea wenzake kanisani
akaingia vitabuni mwa serikali kama asiyejua kuandika.
Karatasi ile ilitundikwa jikoni, juu ya pipa la unga.
Kila Krismasi kisa kilisimuliwa upya, watu wakashika mbavu.
Metodiy hakuwa akicheka; walidhani ni mzito wa kuelewa.

Siku ya tisa, usiku, simu ikatetemeka mfukoni mwa sare.
Hongera! Wote wametia sahihi.
Vijikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo, kama harusini.

Akateremka hadi ukurasa wa mwisho.
Danylo, mnyoofu. Yeye, mikia. Stefka, mikia ileile:
ungedhani ni mkono mmoja, umeuza mara mbili.
Na chini yao kitu kilichochorwa kwa kidole,
kidole kinene, kilichozoea spana,
kimeyumba, kimetoka nje ya kisanduku,
kimerudi ndani:
herufi za kitabu cha Zaburi,
ambazo hakuna kati yao wanne aliyefundishwa.

Mara kumi na moja, kumbe.
Alikuwa akiandika, akifuta.

Mashine haikuuliza ni mikwaju gani ile.
Ikapokea, kama inavyopokea chochote,
ikaweka tiki ya kijani, na kando yake neno moja:
Sahihi.

Orysia alilitazama neno lile
hadi kitanda namba nne kikaita tena.