Madaraja

Mara ya kwanza niliuliza choo kiko wapi.
Mama wa mapokezi alinionyesha kwa kalamu
mlango wa kushoto, bila kuinua macho.
Nikaingia, nikanawa mikono isiyo na uchafu,
nikashuka orofa tatu
hadi kwenye harufu ya kabichi ya kantini.

Mara ya pili nilifika kwenye fomu.
Jina: Jaromir. Kitivo: Uhandisi wa Ujenzi.
Mwaka: wa pili. (Wa pili, kwa mara ya pili.)
Swali la sita: Wiki hii umelala saa ngapi kila usiku?
Mimi niwezaye kukokotoa uzito wa tramu mbili
zikipishana juu ya mto Odra,
na theluji juu yake, na upepo wa ubavuni,
nilishindwa kuhesabu usingizi wangu.
Nikaikunja fomu mara nne, nikaitia mfukoni.
Ikafuliwa pamoja na suruali.

Nilikuja Wrocław kujifunza kujenga madaraja.
Kumbe kuna na yale mengine, ya karatasi,
yanayobandikwa ukutani mwezi wa pili.
Hayo ndiyo yaliyovunjika
nami niko katikati.

Kila Jumapili mama hupiga simu kutoka Nysa,
mikono ina unga, simu kaiegemeza kwenye bakuli.
"Mitihani?"
"Nimefaulu."
"Na ile ya nguzo na mihimili?"
"Nne na nusu, mama."
Uongo nao hutaka nguzo:
nikamzua profesa, nikampa kikohozi;
nikamzua mwenzangu wa chumba,
mpole, mkarimu wa madaftari, mguu daima baridi.
Mama akaanza kumsalimia.
Mwezi wa kumi na moja akamfumia soksi.
Zimo mtotoni mwa meza yangu mpaka leo,
soksi za kijivu, namba arobaini na tatu,
za mtu ambaye hakuzaliwa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, mvua ya barafu.
Bi Otylia alifungua kabla sijabisha.
Viti viwili. Dirisha lililogoma kufunga,
limesokomezwa gazeti.
Nikazungumza juu ya baiskeli yangu iliyoibwa.
Nusu saa nzima, baiskeli:
rangi yake, breki ya nyuma,
kufuli nililonunua kwa kubana senti.
Hakuniuliza kwa nini mtu mzima analilia magurudumu.
Alimenya chenza,
akasukuma nusu upande wangu wa meza.
Nikala.
Nikasema, "Kuna soksi."

Nilipomaliza hakusema yatapita,
hakusema wengine wana makubwa zaidi.
Aliuliza, "Kwa nini arobaini na tatu?"
Nikacheka. Nikacheka nikashindwa kukoma,
kisha hakikuwa kicheko tena,
na gazeti pale dirishani likawa linapumua,
ndani, nje,
kama linanionyesha namna.

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sibishi.
Lakini darajani kuna ufa unaoachwa makusudi,
upana wa vidole viwili,
ili chuma kikivimba kwa jua la mwezi wa saba
kipate pa kwenda.
Nilijibu swali hilo kwenye mtihani.
Ni moja kati ya machache niliyopata.

Nafasi nyingine: baada ya wiki tatu, foleni ndefu.
Mama wa mapokezi aliandika tarehe kwenye kikaratasi,
akanitazama, safari hii kwa macho mawili.
"Na choo, leo hukitaki?"

Sikulala vizuri usiku ule. Saa nne, labda tano.
Lakini nilizihesabu.

Jumapili simu ikalia.
Unga, bakuli, pumzi yake.
Akaniambia jirani kauza mbuzi,
akaniambia bei ya makaa,
halafu: "Na yule mwenzako, soksi zilimtosha?"
Nje tramu ilipita, kioo kikatetemeka.
Nikaziweka soksi mapajani.
"Mama," nikasema, "umekaa?"