Chaki ya Syombua

Barabara ya Kirinyaga, saa mbili asubuhi.
Niligonga nguzo ya tatu kwa kinyundo changu
nayo ikaitika kama debe.
Nguzo nzima hujibu kwa mkato: ti.
Hii ilisema boo, kisha ikanyamaza
kama mtu aliyeulizwa jina la babake.

Sikuletwa na mwenye jengo.
Sikuletwa na benki, wala bima, wala kaunti.
Walinilipa wapangaji, mia mbili mia mbili kwa simu:
muuza vipuri, kinyozi, yule wa miwani,
na mmoja aliyetuma hamsini, akaandika,
nyingine mwisho wa mwezi.
Kwa hiyo Otiato, mtunza funguo, aliponiletea soda baridi
na bahasha iliyokaliwa na chupa,
soda niliinywa, jua lilikuwa kali.
Bahasha ikarudi na unyevu wake.

Wahenga walituachia lile neno la ufa na ukuta.
Hapa ufa ulizibwa.
Ulizibwa mara tatu: maziwa juu ya kijani,
kijani juu ya samawati ya mwaka wa kufunguliwa.
Nilibandua kwa kisu, tabaka kwa tabaka,
na kila chini ulikuwapo,
umenenepa kwa kulishwa plasta.

Ramani inasema nondo nane, za milimita ishirini.
Keekee ililia robo saa.
Nikahesabu nne, za kumi na mbili.
Nikahesabu tena,
maana nambari nayo ina haki ya kusikilizwa mara mbili.
Mche wa zege ukapukutika kiganjani kama gunzi:
kokoto za mtoni, laini, zisizojuana,
karatasi ya mfuko wa saruji,
ganda moja la njugu.
Kuna mtu alikula njugu siku hiyo. Sina ugomvi naye.
Namtafuta aliyekula mifuko.

Ghorofa ya nne, nyuma ya sare za shule,
Syombua fundi cherehani alisogeza pazia.
Ukutani, mistari ya chaki,
kila mmoja na tarehe yake,
na upana wa ufa kwa futi ya kupimia viuno.
Miaka mitatu. Hakuruka mwezi
ila Agosti ile aliyomzika mamake.
"Kitambaa hakichaniki kwa kupenda," akasema,
pini zikiwa mdomoni.
"Kuna kinachokivuta chini."
Nikarudisha vyombo vyangu mkobani.
Kilichobaki kilikuwa kunakili.

Ripoti ilitoka kurasa arobaini na moja.
Niliandika *uwezo wa kuhimili mzigo*.
Niliandika *inapendekezwa*, mara kumi na tisa.
Akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito,
akauliza kabla hajaifunua:
"Cherehani niihamishe, au nisiihamishe?"

Chini kinyozi alikuwa anacheka na mteja.
Nilitafuta ukurasa wenye jibu hilo. Haukuwapo.
"Hamisha," nikasema. "Leo."

Tuliibeba wawili, chuma cha zamani, kizito,
yeye mbele, mimi nyuma,
kila kidato nikikisikiliza kwa nyayo.
Kwenye nguzo ya tatu akaomba tutue.
Nilidhani amechoka.
Alitoa chaki mfukoni,
akaandika tarehe.